Mvumbuzi asiye na fedha za wakili afanyeje anapouza uvumbuzi wake?

KATIKA karakana za Gerezani jijini Dar es Salaam na zile za Kamukunji jijini Nairobi, si ajabu kukuta mashine ambayo haijawahi kuonekana katika duka lolote. Fundi ameibuni mwenyewe, ameichomelea mwenyewe na kuijaribu mbele ya wateja wake. Ikifanya kazi vizuri, haupiti muda mrefu kabla ya mtu mwenye mtaji kufika, kuitazama, kuisifu na kuuliza bei. Mara nyingine haulizi bei ya mashine hiyo moja. Anauliza bei ya haki ya kuitengeneza.

Hapo ndipo mambo huwa magumu. Fundi anayetambua unene wa bati kwa kuligusa tu hujikuta mbele ya mkataba wa kurasa kumi, aghalabu wa Kiingereza, huku akiambiwa kwamba kampuni ina haraka. Akimfikiria wakili anakumbuka ada. Akiifikiria ada, anasaini.

Msaada wa kisheria kwa mvumbuzi wa kipato kidogo upo, ingawa umetawanyika na haujulikani na wengi. Sehemu ya msaada huo ni ya bure, na sehemu nyingine huhitaji fedha kidogo zinazotumika mahali panapostahili. Jambo moja, hata hivyo, halibadiliki: msaada huo ni rahisi kupatikana na kulipika kabla mkataba haujasainiwa. Baada ya saini, kinachobaki ni kesi, na kesi ndiyo huduma ya kisheria iliyo ghali kuliko zote.

Miaka 25 kwa sababu ya ahadi ya mdomo

Kisa kinachofahamika sana barani Afrika katika suala hili ni cha Nkosana Makate wa Afrika Kusini. Novemba 2000, akiwa bado anajifunza kazi ya uhasibu katika kampuni ya simu ya Vodacom nchini humo, Makate aliwaza namna ambavyo mtu asiye na salio angeweza kumjulisha mwenzake kwamba anaomba apigiwe. Wazo hilo lilitokana na shida ya mpenzi wake, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa mbali naye, ambaye mara nyingi hakuwa na fedha za muda wa maongezi. Makate aliliandika wazo hilo na kulifikisha kwa mkurugenzi aliyehusika na uendelezaji wa bidhaa.

Machi 2001 huduma ya 'Please Call Me' ilianza. Kwa wakazi wa Afrika Mashariki huduma ya aina hiyo si ngeni: ni ule ujumbe wa kuomba kupigiwa ambao watumiaji wa simu wa Tanzania na Kenya wameutuma kwa miaka mingi.

Makate alikuwa ameahidiwa kwa mdomo kwamba huduma ikifanikiwa atapata fungu la mapato. Kiasi kingejadiliwa baadaye, na wakishindwa kuafikiana, mtendaji mkuu wa kampuni angeamua. Malipo hayakuja. Mwaka 2008 alifungua kesi. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilimkatalia: ilikubali kwamba makubaliano yalikuwepo, lakini ikasema mkurugenzi aliyeyafanya hakuwa na mamlaka ya kuifunga kampuni, na kwamba muda wa kudai ulikuwa umepita. Aprili 2016 Mahakama ya Katiba ilitengua uamuzi huo na kuiagiza kampuni ijadiliane naye kwa nia njema juu ya malipo.

Hata hapo safari haikuisha. Mwaka 2019 Makate aliambiwa atalipwa randi milioni 47, akakataa. Shauri likapanda tena hadi Mahakama ya Rufaa, ambayo mwaka 2024 iliamua kwa upande wake, kisha Julai 2025 Mahakama ya Katiba ikaamuru rufaa hiyo isikilizwe upya mbele ya majaji wengine. Novemba 2025 pande mbili zikamalizana nje ya mahakama, miaka 25 tangu wazo lenyewe lilipoandikwa. Kwa kuwa hakuwa na fedha za kuendesha kesi peke yake, katikati ya safari hiyo Makate alilazimika kutegemea wafadhili waliotarajia kugawana naye kitakachopatikana, na makubaliano hayo nayo yakazaa mgogoro mwingine wa kisheria.

Kesi hiyo haikuamuliwa kwa sheria ya hataza. Ilihusu ahadi. Wakili ambaye angeketi na kijana huyo kwa saa moja tu mwaka 2000 angemwuliza maswali matatu: Makubaliano haya yameandikwa wapi? Anayeahidi ana mamlaka ya kuahidi? Fungu hilo ni kiasi gani? Maswali hayo matatu, yaliyohitaji saa moja, ndiyo yaliyowashughulisha majaji kwa miaka mingi.

Kuuza na kutoa leseni ni vitu viwili

Kabla ya kutafuta wakili, mvumbuzi hana budi kujua anachotaka kufanya, kwa kuwa maneno mawili yanayotumika mitaani kama kitu kimoja hutofautiana mbele ya sheria.

Kuuza ni kuhamisha umiliki. Baada ya hapo uvumbuzi ni mali ya mnunuzi, naye aliyeubuni akiendelea kuutengeneza bila ruhusa anaweza kushitakiwa kwa kazi ya mikono yake mwenyewe. Kutoa leseni ni kumruhusu mwingine autumie kwa masharti na kwa muda, huku umiliki ukibaki kwa mvumbuzi, ambaye kwa kawaida hulipwa mrabaha, yaani fungu la kila kinachouzwa. Leseni yaweza kuwa ya mtu mmoja pekee, au ya wazi, ambapo mvumbuzi anaweza kuwapa wengine pia.

Haki hiyo hutambuliwa na hataza, na hataza ina mipaka ya nchi. Kwa Tanzania Bara, usajili hufanywa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) chini ya Sheria ya Hataza, Sura ya 217. Zanzibar ina sheria yake ya mali za viwanda ya mwaka 2008 na wakala wake wa usajili, BPRA, hivyo hataza ya Bara haivuki maji kwenda Unguja na Pemba. Kenya hutumia Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 kupitia taasisi ya KIPI. Anayetaka ulinzi katika nchi kadhaa za Afrika kwa ombi moja anaweza kupitia ARIPO, shirika la kikanda lenye makao makuu Harare, Zimbabwe, ambalo Tanzania, Kenya na Uganda ni wanachama.

Kwa hiyo mkataba unaosema tu kwamba "haki zote zimeuzwa", bila kutaja ni za wapi, waweza kumpokonya mvumbuzi hata soko ambalo mnunuzi hana mpango wa kulifikia.

Kazi inayoweza kufanywa bila wakili

Sehemu kubwa ya ada ya wakili hulipia muda: muda wa kuuliza, kutafuta nyaraka na kuelewa mashine inavyofanya kazi. Mvumbuzi anayefika ofisini na maelezo yaliyopangika hununua muda mfupi zaidi.

Jambo la kwanza ni kuandika. Mvumbuzi aandike tatizo lililokuwepo, suluhisho alilobuni, sehemu za mashine, michoro na tarehe za majaribio, pamoja na majina ya walioshiriki. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na uvumbuzi ni mali.

Jambo la pili ni kuhakikisha kwamba uvumbuzi ni wake kweli. Sheria ya Kenya na ya Tanzania zina vifungu kuhusu uvumbuzi uliofanywa na mwajiriwa au kwa kazi ya kuagizwa. Kwa kawaida, uvumbuzi uliotokana na kazi ambayo mtu aliajiriwa kuifanya huhesabiwa kuwa wa mwajiri, isipokuwa mkataba wa ajira useme vinginevyo. Mhandisi wa kiwanda au mtafiti wa chuo kikuu anapaswa kuusoma mkataba wake wa kazi, pamoja na sera ya taasisi yake kuhusu mali ya ubunifu, kabla ya kuzungumza na mnunuzi.

Jambo la tatu ni kutafuta kama kitu hicho hakijasajiliwa na mwingine. Shirika la Miliki Ubunifu Duniani (WIPO) lina hazina ya maombi ya hataza iitwayo PATENTSCOPE, ambayo hutafutwa bure kwenye intaneti. Kwa asiyezoea utafutaji huo, viko vituo vya msaada wa teknolojia na ubunifu vilivyoanzishwa kwa ushirikiano na WIPO katika vyuo vikuu na taasisi za utafiti, ambako wataalamu humsaidia mvumbuzi kutafuta.

Jambo la nne ni kunyamaza. Uvumbuzi hupata hataza ukiwa mpya, na kuuonyesha hadharani kabla ya kuwasilisha ombi huweza kuuondolea upya huo. Fundi anayeipeleka mashine yake kwenye maonyesho ya Sabasaba au Nanenane, au kuirusha kwenye mitandao ya kijamii, kabla hajafika BRELA, huenda anamfaidi kila mwenye macho. Kenya husamehe mvumbuzi aliyejitangaza mwenyewe ndani ya miezi 12 kabla ya ombi, lakini msamaha wa nchi moja hauzifungi nchi nyingine.

Mvumbuzi mkazi wa nchi anaweza kuwasilisha ombi lake mwenyewe, kwa kuwa ulazima wa kupitia kwa wakala huwahusu hasa waombaji walio nje ya nchi. Ugumu ulipo ni katika kuandika madai, yaani sentensi zinazoeleza mpaka wa kile kinacholindwa. Madai yakiandikwa kwa ufinyu, mshindani hubadilisha bawaba moja na kuendelea na biashara. Kama fedha ni kidogo, hapo ni mahali pamoja panapostahili kulipiwa mtaalamu, na mahali pa pili ni mkataba wenyewe.

Milango ya msaada wa bure

Tanzania ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayosimamia watoa msaada waliosajiliwa na kuwatambua wasaidizi wa kisheria. Kenya ina sheria ya namna hiyo ya mwaka 2016. Sheria hizo ziliwekwa kwa ajili ya watu wasio na uwezo, na mashauri yanayojaza ofisi za watoa msaada ni ya ardhi, ndoa, mirathi, ajira na jinai. Mvumbuzi mwenye mkataba wa leseni mkononi atakuwa mgeni kidogo katika foleni hiyo.

Hiyo si sababu ya kutokwenda. Mashirika kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC) na Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania (TAWLA) kwa upande wa Tanzania, na Kituo cha Sheria kwa upande wa Kenya, yana wanasheria wanaoweza kumweleza mtu maana ya mkataba aliopewa, au kumwelekeza kwa wakili wa fani hiyo. Wasaidizi wa kisheria nao wanaweza kutoa elimu na maelekezo, ingawa hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani. Ni vyema kutambua pia kwamba sheria ya Kenya huyaondoa makampuni katika orodha ya wanaostahili msaada huo. Mvumbuzi aliyekwisha kusajili kampuni na kuihamishia haki zake anaweza kukuta mlango uliokuwa wazi kwake binafsi umefungwa kwa kampuni yake.

Kila mwaka, kati ya mwishoni mwa Januari na mwanzoni mwa Februari, Mahakama ya Tanzania huadhimisha Wiki ya Sheria, ambapo mawakili na taasisi za sheria hukutana na wananchi na kutoa elimu na ushauri bila malipo. Vyuo vikuu vyenye vitivo vya sheria pia vina utaratibu wa msaada: ule wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulianza miaka ya 1960. Mwalimu wa sheria za miliki ubunifu mara nyingi ndiye mtu aliye karibu zaidi mwenye ujuzi ambao wakili wa kawaida wa mashauri ya ardhi hana.

Kwa upande wa teknolojia, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) hushughulika na wabunifu na wenye viwanda vidogo. Kenya ina wakala wa taifa wa ubunifu, KENIA. Hizi si ofisi za mawakili, lakini maofisa wake wamekwisha kuona wabunifu wengi wakipita njia hiyo hiyo, na waweza kumwunganisha mvumbuzi na mtaalamu.

Upo pia mpango wa WIPO wa kuwasaidia wavumbuzi, uliozinduliwa duniani Oktoba 2016 baada ya majaribio katika nchi chache. Mpango huo humkutanisha mvumbuzi wa kipato kidogo na wakili wa hataza anayejitolea kufanya kazi bila ada, na Kenya ni miongoni mwa nchi zilizojiunga. Anayeomba hutakiwa kuonyesha kwamba hana uwezo wa kulipa, kwamba ana uvumbuzi halisi na si wazo tu, na kwamba anaelewa misingi ya mfumo wa hataza. Hata hivyo msaada huo ni wa kupata hataza, na ada za serikali hubaki juu ya mwombaji. Mkataba wa kuuza ni suala jingine.

Kwa wanaotazama masoko ya mbali, mfumo wa kimataifa wa PCT humpunguzia mvumbuzi binafsi kutoka nchi kama Tanzania na Kenya asilimia 90 ya ada ya kimataifa ya kuwasilisha ombi. Punguzo hilo ni la mtu binafsi. Kwa makampuni, ni yale tu yatokayo katika nchi zinazohesabiwa kuwa na maendeleo duni zaidi, Tanzania ikiwa mojawapo, yanayolipata.

Namna ya kumlipa wakili bila kufilisika

Wengi hudhani kumwajiri wakili ni kumkabidhi jambo zima tangu mwanzo hadi mwisho. Si lazima. Mteja anaweza kuomba kazi moja tu yenye bei moja: kusoma rasimu ya mkataba na kuandika kurasa mbili za vipengele vya hatari, au kuandaa mkataba mfupi wa kutunza siri utakaosainiwa kabla ya mashine kuonyeshwa. Bei hiyo ikubaliwe kabla ya kazi kuanza na iandikwe. Nchini Kenya, Sheria ya Mawakili huyatambua makubaliano ya ada yaliyoandikwa na kusainiwa na mteja.

Wapo wanaotarajia wakili afanye kazi sasa na kulipwa fungu akishinda. Nchini Kenya sheria hiyo hiyo hukataa makubaliano ya wakili kulipwa pale tu kesi inaposhinda. Makubaliano ya kulipa ada kwa awamu, kwa mfano kutoka katika malipo ya kwanza ya mnunuzi, ni jambo tofauti, mradi ada yenyewe ijulikane na isitegemee ushindi.

Njia nyingine ni kuungana. Mafundi kumi wa eneo moja, au wanachama wa SACCOS moja, wakichanga wanaweza kumlipa wakili awaandalie mfano mmoja mzuri wa mkataba wa kutunza siri na mwingine wa leseni. Kila mmoja atajaza mambo yake na kulipia tu ushauri juu ya yale yanayotofautiana.

Mambo mawili ni ya kuepukwa. La kwanza ni kumtegemea wakili wa mnunuzi. Hata akiwa mkarimu kiasi gani, wajibu wake ni kwa aliyemwajiri. La pili ni vishoka wanaojiita mawakili. Jina la wakili halali linaweza kuhakikiwa katika orodha ya Mahakama ya Tanzania au, kwa Kenya, ya chama cha wanasheria cha LSK.

Asilimia tano ya nini?

Mkataba wa leseni huonekana kuwa mrefu, lakini moyo wake ni vipengele vichache. Cha kwanza ni malipo, na mfano wa kufikirika unatosha kuonyesha hatari iliyopo.

Fundi amebuni mashine ya kupukuchua mahindi inayouzwa Sh800,000. Kiwanda kinampa chaguo mbili: Sh3 milioni taslimu na kumaliza, au mrabaha wa asilimia tano. Asilimia tano ya bei ni Sh40,000 kwa kila mashine. Zikiuzwa mashine 75, fundi amefikia zile milioni tatu. Zikiuzwa 300, amepata Sh12 milioni, na mashine bado ni yake.

Lakini mkataba huo huo ukisema asilimia tano "ya faida", hesabu hugeuka. Kiwanda kikitoa gharama za chuma, umeme, mishahara, matangazo na usafiri, na kusema faida ya kila mashine ni Sh100,000, fundi atapata Sh5,000. Atahitaji mashine 600 kuuzwa ili afikie milioni tatu. Tofauti kati ya Sh40,000 na Sh5,000 ni neno moja, na wakili anayelipwa kusoma rasimu kwa saa mbili analipwa kuliona neno hilo.

Vipengele vingine vinavyostahili jicho ni hivi: leseni ni ya eneo gani na ya muda gani, je, ni ya mtu mmoja pekee, na kama ni ya mmoja, kipo kiwango cha chini cha mrabaha kitakacholipwa kila mwaka hata mauzo yakiwa duni? Bila kiwango hicho, kampuni inaweza kuchukua leseni na kuiweka kabatini ili mashine isishindane na bidhaa yake. Mvumbuzi awe na haki ya kukagua hesabu za mauzo, na haki ya kuvunja mkataba asipolipwa au uvumbuzi usipotumika kwa muda uliotajwa.

Mkataba useme pia ni nani atakayelipa ada za kila mwaka za hataza, kwa kuwa zisipolipwa hataza hufa na mrabaha huweza kufa nayo. Useme maboresho yatakayofanywa baadaye ni mali ya nani, nani atamfuata mwigaji mahakamani, na kama kiasi kilichotajwa ni kabla au baada ya kodi ya zuio. Anayesaini kwa niaba ya kampuni aonyeshe mamlaka yake. Mgogoro ukitokea, uanzie kwenye usuluhishi katika mji ambao mvumbuzi anaweza kufika kwa basi. Kipengele kinachompeleka London au Singapore kwa kweli kinamnyima haki ya kudai.

Suala la lugha nalo lina uzito. Mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili ni halali, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania. Mvumbuzi ana haki ya kuomba rasimu ya Kiswahili na muda wa kuisoma. Mnunuzi mwenye nia njema hatakosa siku saba.

Baada ya saini

Uhamishaji wa umiliki na leseni huandikishwa katika daftari la msajili wa hataza. Nchini Kenya msajili anaweza kukataa mkataba wa leseni wenye masharti kandamizi. Wavumbuzi wasilale kwa kutegemea hilo, maana masharti yanayokatazwa yalitungwa zaidi kumlinda anayepokea teknolojia, mathalani kiwanda cha nyumbani kinachonunua ujuzi kutoka ng'ambo. Fundi anayetoa teknolojia hujilinda kwa mkataba wake.

Tahadhari nyingine huja kwa barua. WIPO imekuwa ikionya kuhusu ankara za uongo zinazotumwa kwa waombaji wa hataza mara maombi yao yanapochapishwa, zikiwa na nembo zinazofanana na za ofisi halali. Wapo pia madalali wanaoahidi kumtafutia mvumbuzi mnunuzi wa nje kwa ada inayolipwa kwanza. Kabla ya kulipa ankara ya namna hiyo, ni busara kuuliza BRELA, KIPI au ofisi iliyopokea ombi.

Malipo yasipokuja, mvumbuzi asikae kimya akingoja huruma. Katika Tanzania na Kenya, muda wa kudai haki itokanayo na mkataba ni miaka sita. Barua ya madai iliyoandikwa na wakili katika mwaka wa kwanza ni kazi ndogo yenye bei ndogo, na mara nyingi hutosha kumfanya mdaiwa aje mezani. Makate alingoja hadi 2008, na hoja ya muda kupita ilimfuata hadi mahakama ya juu kabisa ya nchi yake.

Fundi wa Gerezani hana uwezo wa kuendesha kesi kwa miaka 25, na hahitaji kuwa nao. Anahitaji daftari lenye tarehe, ombi lililopokewa na msajili kabla ya maonyesho, na mtu mmoja mwenye ujuzi wa sheria atakayeisoma karatasi kabla yeye hajaishika kalamu. Vyote hivyo vinaweza kupatikana kwa gharama isiyozidi ile ya chuma kilichoharibika katika majaribio ya mashine yenyewe.